Kubeti mechi kumeruhusiwa na sheria: mambo ambayo kila mama na mlezi anapaswa kujua

Miaka michache iliyopita mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa miezi minne. Mtoto alikuwa mchangamfu, lakini uzito wake ulikuwa umesimama. Nilimuuliza mama maswali yote yaliyo kwenye fomu yangu: mtoto anakula nini, analala vipi, je, nyumbani kuna mtu anayevuta sigara, je, kuna pombe. Alijibu yote vizuri. Aliporudi mara ya pili, uzito ulikuwa umepungua.

Ndipo nikamwomba anionyeshe jinsi anavyotengeneza maziwa ya kopo. Akatia maji ya kipimo cha vijiko viwili, kisha akaweka kijiko kimoja cha unga. Akanitazama, machozi yakimlengalenga. "Dada, hili kopo lazima lifike Ijumaa."

Maziwa ya WIC yalikuwa yameisha kabla ya mwezi kwisha, na pesa ya kununua kopo lingine haikuwepo. Mume wake hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa kazi, zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama. Lakini tangu wenzake wampeleke kasino kutazama mechi na kubeti, mshahara ulikuwa ukiisha siku mbili baada ya kuingia benki. "Kila nikisema," mama aliniambia, "ananijibu kwamba hiki si kitu haramu, serikali yenyewe imeruhusu."

Nimebadilisha mambo machache katika kisa hiki ili mama huyo asitambulike. Lakini jibu la mume wake nimelisikia katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Iowa: za Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya. Ni kweli kwamba serikali imeruhusu. Makala haya yanaeleza serikali iliruhusu nini hasa, kubeti kunafanya nini kwa afya ya mtu na ya mtoto, na wewe mama au mlezi unaweza kuchukua hatua gani.

Kwa kifupi

- Kubeti mechi ni halali Iowa kwa mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Uhalali huo haumaanishi kwamba hakuna madhara.
- Kushindwa kuacha kamari ni ugonjwa unaotambuliwa na madaktari, na una tiba.
- Usiongeze maji kwenye maziwa ya mtoto hata kama pesa imekwisha. Piga simu kliniki au 211.
- Msaada wa simu upo saa 24 kwa mchezaji na pia kwa familia yake. Huko Iowa namba ni 855-581-8111.

Sheria ilibadilikaje?

Tangu mwaka 1992 sheria ya taifa ilizuia majimbo mengi ya Marekani kuruhusu kubeti michezo. Nevada, kule Las Vegas, ndiko kulikokuwa na ruhusa kamili. Jimbo la New Jersey lilipinga sheria hiyo mahakamani, na tarehe 14 Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta. Mahakama haikusema kwamba kubeti ni kuzuri. Ilisema kwamba kila jimbo lina haki ya kuamua lenyewe.

Iowa iliamua haraka. Gavana alitia sahihi sheria mwezi Mei 2019, na tarehe 15 Agosti mwaka huohuo kasino zikaanza kupokea pesa za watu wanaobeti mpira. Mwanzoni, hata mtu aliyetaka kubeti kwa simu alilazimika kwenda kasino kwanza akafungue akaunti mbele ya mfanyakazi. Sharti hilo liliisha tarehe 1 Januari 2021. Tangu siku hiyo akaunti inafunguliwa kwenye simu, mtu akiwa kitandani.

Kwa sisi tunaolea familia, mabadiliko hayo ya pili yana uzito mkubwa. Safari ya kwenda kasino ilikuwa na mafuta ya gari, muda, na watu wa kumwona mtu akiingia. Ilimpa nafasi ya kufikiri njiani. Simu haina njia. Mtu anaweza kubeti kwenye mapumziko ya kazi, chooni, au akiwa amemshika mtoto.

Kuna historia nyingine ya Iowa inayofaa kujulikana. Jimbo hili lilikuwa la kwanza Marekani kuruhusu kasino ndani ya meli za mtoni. Sheria ilipitishwa mwaka 1989, na meli zikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1991. Wakati ule sheria iliweka ukuta: mchezaji hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 5 kwa mara moja, wala kupoteza zaidi ya dola 200 katika safari moja. Mwaka 1994 mipaka hiyo iliondolewa, kwa sababu majimbo jirani hayakuwa nayo na wateja walikuwa wakihama. Kwa hiyo anayekuambia "serikali imeruhusu" anasema kweli, lakini mipaka ambayo zamani iliwekwa na sheria sasa inabidi iwekwe na kila nyumba.

Sheria inalinda nini, na haimlindi nani?

Sheria inahakikisha kwamba kasino ina leseni, kwamba anayeshinda analipwa, na kwamba mtoto wa miaka 15 haruhusiwi kuingia. Pia inalipatia jimbo kodi: asilimia 6.75 ya mapato yanayobaki baada ya washindi kulipwa. Haya ni mambo ya kweli, na yana faida kuliko kubeti kwa mtu wa mtaani anayeweza kukimbia na pesa au kutuma watu wakupige.

Lakini sheria haimuulizi baba kama amelipa kodi ya nyumba kabla ya kuweka dola 300 kwenye mechi. Haijui kwamba mtoto ana homa, wala kwamba bibi kule Uvira anasubiri pesa ya dawa. Pombe ni halali, sigara ni halali, na bado kliniki yetu inawatibu watu kwa sababu ya vitu hivyo. Kamari iko kwenye kundi hilo.

Kasino inapataje faida?

Wengi wanaamini kwamba anayejua mpira vizuri atashinda mwishowe. Tufanye hesabu, maana hesabu haina upande.

Kwa kawaida, kwenye mechi ambayo timu zinalingana, mtu anaweka dola 110 ili apate faida ya dola 100. Tuseme Juma anabeti timu moja na Pierre anabeti nyingine. Kila mmoja ametoa dola 110, jumla 220. Mmoja akishinda anapewa dola 210, yaani pesa yake 110 na faida 100. Dola 10 zimebaki kasino. Kasino haikuhitaji kujua nani atashinda.

Maana yake ni kwamba ili mtu asipate hasara wala faida, lazima ashinde mara 11 katika kila mechi 21. Akishinda nusu tu, anapoteza polepole. Na viwango hivyo vinapangwa na watu ambao kazi yao ya kutwa ni kuchambua michezo, wakiwa na kompyuta na takwimu za miaka.

Sasa njoo kwenye mkeka, yaani kuunganisha mechi nyingi kwenye beti moja. Mkeka wa mechi 5 zinazolingana ni kama kurusha sarafu mara 5 na kutaka upande uliouchagua mapema utokee kila mara. Nafasi ni 1 kati ya 32. Kama malipo yangekuwa ya haki, dola 10 ingerudisha dola 320. Kwa viwango vile vya 110 kwa 100, inarudisha kama dola 253. Kadiri mechi zinavyoongezwa, ndivyo sehemu ya kasino inavyokua. Ndiyo maana mikeka mirefu inatangazwa sana, na picha ya mshindi mmoja inazungushwa kwenye simu za watu elfu.

Kwa nini mtu anashindwa kuacha?

Watu wengi wanaobeti mara mojamoja hawafiki kwenye ugonjwa. Lakini kwa wengine, ubongo unanaswa. Kila beti inaleta msisimko, na ubongo unajifunza kuutafuta tena. Msisimko huo hauji kwa kushinda peke yake. Mkeka unapochanika kwa timu moja tu, mtu hajisikii kama aliyeshindwa. Anajisikia kama aliyekaribia. Kesho anataka kumalizia. Siku hizi pia mtu anaweza kubeti katikati ya mechi, kwa hiyo mechi moja inampa nafasi nyingi za kujaribu tena kabla hajapumua.

Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliiweka kamari iliyopita kiasi kwenye kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linaitambua kuwa ugonjwa. Kwa hiyo mtu anayeshindwa kuacha hajakosa akili wala hajarogwa. Matusi hayamponyi, kama yasivyoponya kisukari.

Jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui: baadhi ya dawa za hospitali zinaweza kuamsha hamu kali ya kamari. Miongoni mwake ni pramipexole na ropinirole, zinazotumika kwa ugonjwa wa Parkinson na kwa miguu isiyotulia usiku, na aripiprazole, inayotumika kwa magonjwa ya akili. Ikiwa mzee wako alianza kubeti au kucheza mashine baada ya kuanzishiwa dawa mpya, mwambie daktari wiki hiihii. Msiache dawa wenyewe bila daktari.

Dalili za kuangalia

Wahudumu wa afya huanza na maswali mawili mepesi. La kwanza: je, umewahi kuhisi unahitaji kubeti pesa nyingi zaidi na zaidi? La pili: je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? "Ndiyo" moja inatosha kuendelea kuzungumza na mtaalamu.

Nyumbani unaweza kuona haya:

- Mshahara unaingia lakini bili hazilipwi, na maelezo yanabadilika kila mara.
- Barua za benki zinafichwa, au simu inageuzwa kioo chini ukiingia chumbani.
- Anakopa kwa ndugu, kwa wafanyakazi wenzake, au kwenye maduka ya mikopo ya haraka.
- Anarudi kubeti ili "kurudisha" pesa iliyopotea jana.
- Hasira, kukosa usingizi, au kukaa macho usiku akifuatilia mechi za timu asizozijua.
- Anajaribu kuacha, anakuwa mkali au mnyonge, kisha anarudi.
- Vitu vya nyumbani vinauzwa, au pesa ya kutuma kwa wazazi inapotea njiani.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Kukiwa na kadhaa kwa miezi, tafuta msaada.

Na usidhani kila mara ni baba. Nimewaona akina mama wanaokwenda kasino kwenye mashine mchana watoto wakiwa shuleni, na mabibi waliopelekwa na basi la matembezi wakarudi bila pesa ya mwezi. Kama anayebeti ni wewe mwenyewe unayesoma hapa, msaada ulioandikwa chini ni wako pia. Hakuna atakayekunyang'anya umama wako kwa kuomba msaada.

Mtoto anaathirika vipi?

*Chakula.* Maziwa ya kopo yaliyoongezwa maji ni hatari kwa mtoto mchanga. Hayampi nguvu ya kukua, na maji mengi yanashusha chumvi kwenye damu yake. Chumvi ikishuka sana, mtoto analegea, anasinzia kupita kiasi, na anaweza kupata degedege. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji matupu kabisa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, siku zote. Ukiona mtoto ameanza kulegea, haamki kunyonya, au anatetemeka, piga 911.

Kama kopo limeisha na pesa hakuna, usione haya. Piga simu kliniki ya mtoto, piga ofisi ya WIC, au piga 211 uulize mahali pa kupata maziwa na chakula leo. Sisi wauguzi tunapigiwa simu hizo kila wiki. Hatukuhukumu.

*Utulivu.* Mtoto anasikia ugomvi hata akiwa amefunikwa blanketi. Wengine wanaanza tena kukojoa kitandani, wengine wanaumwa tumbo asubuhi ya shule, wengine wanashuka darasani. Mwambie mtoto maneno machache ya kweli kulingana na umri wake: "Baba na mama wana shida ya pesa. Si kosa lako. Watu wakubwa tunaishughulikia."

*Wewe mwenyewe.* Mama mwenye wasiwasi wa kila siku halali, hali vizuri, na presha yake inaweza kupanda. Kama una mimba, usikose kliniki kwa sababu ya aibu au ya mafuta ya gari. Mwambie muuguzi kwamba nyumbani kuna shida ya kamari. Inawezekana swali hilo halimo kwenye fomu yake, kama lilivyokosekana kwenye yangu. Lianzishe wewe.

Ufanye nini?

*1. Linda pesa ya msingi kwanza.* Kabla ya kumbadilisha mtu, funga tundu. Kama una kipato, fungua akaunti kwa jina lako peke yako na mshahara wako uingie humo. Lipa kodi ya nyumba, umeme na chakula siku ileile pesa inapoingia. Badilisha namba ya siri ya kadi yako. Kaa macho mwanzoni mwa mwaka, wakati pesa za kurudishiwa kodi zinapofika. Ni pesa nyingi kwa pamoja, na nimeona familia zikizipoteza kwa wiki moja. Unaweza pia kufunga taarifa zako za mikopo bila malipo katika kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, ili iwe vigumu kwa mtu kufungua mkopo mpya kwa jina lako.

*2. Chagua saa ya kuzungumza.* Usianze mechi ikiwa inaendelea, wala usiku aliopoteza, wala mbele ya wageni. Chagua asubuhi yenye utulivu. Zungumzia ulichokiona, na acha kumpa jina baya. Kwa mfano: "Baba Neema, Ijumaa mshahara uliingia dola 900. Jumapili zilibaki 40. Naogopa kwa ajili ya watoto. Naomba tupige simu hii pamoja." Maneno kama "wewe ni mwizi" yanamfunga mdomo na yanampa sababu ya kuondoka kwenda kasino.

*3. Fikiria mzee wa kumshirikisha.* Katika jamii zetu mwanamume anaweza kumsikiliza kaka mkubwa, baba mdogo, mchungaji au imamu kabla ya kumsikiliza mke. Chagua mtu mmoja anayetunza siri. Mueleze kwanza kwamba ni ugonjwa, ili asije na fimbo ya maneno tu.

*4. Piga simu ya msaada.* Iowa, huduma ya jimbo iitwayo Your Life Iowa inapokea simu saa 24 kwa namba 855-581-8111. Unaweza kupiga wewe mama hata kama mchezaji hajakubali. Omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari hizi. Ni mzigo asioweza kuubeba. Ukiwa jimbo lingine, piga 1-800-426-2537. Uliza kuhusu gharama, kwa kuwa zipo huduma za ushauri wa kamari zinazolipiwa na jimbo.

*5. Ajifungie mlango mwenyewe.* Iowa ina orodha ya watu waliojizuia kwa hiari kuingia kasino na kubeti. Mtu anajiandikisha mwenyewe, na akivunja ahadi hiyo akashinda, hapewi ushindi wake. Programu za simu za kubetia nazo zina sehemu ya kuweka kikomo cha pesa, kikomo cha muda, au kufunga akaunti. Mkae pamoja mfunge zote, maana wengi wana akaunti zaidi ya moja.

*6. Tiba.* Tiba kuu ni mazungumzo na mshauri aliyesomea uraibu, mara nyingi kila wiki kwa miezi kadhaa. Anamsaidia mtu kutambua saa na mahali pa hatari, kusahihisha mawazo kama "leo lazima itatiki", na kupanga maisha upya. Kurudia kosa njiani kunatokea. Hakumaanishi kwamba tiba imeshindwa.

Vijana wa nyumbani

Mwanao wa miaka 16 hawezi kufungua akaunti kihalali, lakini anaweza kutumia ya kaka yake au ya rafiki aliyefikisha miaka 21. Muulize kawaida tu mnapotazama mpira: "Wenzako shuleni wanabeti?" Msikilize kabla ya kuhubiri. Mfanyie ile hesabu ya mkeka wa mechi 5 kwa sarafu, arushe mwenyewe mezani. Usimtume mtoto akuchagulie timu za kubeti, na usiweke kadi ya benki kwenye simu anayochezea michezo.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Nimlipie deni lake ili tuanze upya?* Ukilipa deni bila yeye kuanza tiba, mara nyingi unafungua nafasi ya deni lingine. Lipia kwanza mahitaji ya watoto. Madeni yapangwe pamoja na mshauri.

*Naweza kumwandikisha mimi kwenye orodha ya kujizuia?* Hapana. Lazima aende au ajaze yeye mwenyewe. Kazi yako ni kumsindikiza.

*Alishinda dola 4,000 mwezi uliopita. Bado ni tatizo?* Muulize ametoa kiasi gani tangu mwaka uanze, na muangalie taarifa ya benki pamoja. Kumbuka pia kwamba ushindi wa kamari ni kipato kinachotakiwa kutajwa kwenye fomu za kodi.

*Nikimpigia mshauri, je, habari zitafika kazini kwake?* Mshauri na mhudumu wa afya wanafungwa na sheria ya siri ya mgonjwa. Siri hiyo ina mipaka michache, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini au mtoto akiumizwa.

Wakati wa dharura

Watu wenye ugonjwa wa kamari wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua, hasa siku deni linapofichuka. Akisema "bora nife", "nyinyi mtaishi vizuri bila mimi", au akianza kuaga watu, usimwache peke yake. Piga au tuma ujumbe 988, saa yoyote. Kama kuna bunduki nyumbani, iondolewe leo. Hatari ikiwa ni ya sasa hivi, piga 911.

Akikupiga au kukutisha kwa sababu ya pesa, usiendelee na mazungumzo peke yako. Piga 1-800-799-7233, namba ya msaada dhidi ya ukatili wa nyumbani.

Mwisho

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Yule mama niliyemtaja mwanzoni alificha kwa miezi mitano kwa sababu ya aibu ya nyumba. Siku ile tulimpeleka mtoto kwa daktari, akapimwa damu, na mama akaondoka na makopo mawili ya maziwa. Simu ya kwanza ya kuomba ushauri aliipiga yeye, akiwa amekaa kwenye kiti ofisini kwangu. Mume wake alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja, akakaa kimya karibu nusu saa, kisha akauliza kama mtoto amepona.

Mtoto alikuwa amepona. Sasa kwenye fomu yangu, chini ya swali la pombe, nimeongeza swali kwa kalamu: "Je, nyumbani kuna mtu anayebeti?" Ukija kliniki nami nikasahau kukuuliza, nikumbushe.